ULIZA NAHODHA: Nimepata kayaki, samaki nianze kumfuata lini?

Mwezi huu maswali yenu karibu yote ni ya kayaki, sijui ni nani kawaambia wote mnunue kwa wakati mmoja. Nimechagua machache yanayogusa mambo ambayo wengi mnayauliza kwa namna tofauti. Barua ndefu nimezikata kidogo, wenyewe mtanisamehe.

SWALI: Nahodha shikamoo. Mi ni kijana wa Kilifi, nimenunua kayaki ya mtumba, ya plastiki, ile ya kukalia juu. Nimekua nikivua kwa mshipi kwenye mtumbwi wa mjomba kwa hivyo bahari naijua. Wikendi hii nataka nitoke nje ya mwamba nikarambaze nguru na kolekole. Kuna kitu natakiwa kujua kwanza ama niende tu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wikendi hii usiende nje ya mwamba. Bahari unaijua sawa, nakubali, ila kayaki huijui, na mtumbwi wa mjomba wako una mjomba ndani yake, hapo ndo tofauti inapoanzia. Kwenye kayaki uko peke yako, umekaa chini karibu usawa wa maji, injini ni mabega yako, na ukipinduka hakuna wa kukupa mkono.

Aina uliyopata ni nzuri kwa anayeanza, hilo limeenda vizuri. Ya kukalia juu ina matundu ya kutolea maji, wimbi likiingia linatoka lenyewe, na ikipinduka unaigeuza unapanda tena. Ile ya kuingiza miguu ndani ikijaa maji baharini ni kazi nyingine kabisa, inataka pampu na mafunzo ambayo wewe bado. Ila kwa sababu ni mtumba, kabla ya yote itie kwenye maji ya kina kifupi, kaa nusu saa, kisha itoe ufungue kizibo cha nyuma uone maji yametoka kiasi gani. Plastiki iliyoburutwa mchangani miaka na miaka inapata nyufa chini hasa pale kwenye matundu, na maji yakiingia tumboni mwa kayaki yanakimbia upande unaoinama, unalalia kushoto maji yote yanakuja kushoto, mara umeenda. Watu wengi wanaosema "kayaki yangu haina balansi" wana maji ndani na hawajui.

Sasa mazoezi. Usibebe fimbo hata moja, usibebe ndoana. Ingia kwenye kriki yenu, siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayajai wala kupwa sana, na jambo la kwanza unalojifunza ni kuanguka. Ndio, kuanguka. Vaa laifujaketi, nenda na mwenzako, fika pale ambapo miguu haigusi chini, halafu jipindue kwa makusudi. Ukitoka kichwa juu, mkono mmoja unashika kayaki na mwingine unashika kafi, hivyo viwili ukiviachia upepo unavichukua haraka kuliko wewe unavyoogelea. Nenda katikati ya kayaki, pitisha mkono juu ya tumbo lake ukamate ukingo wa upande wa pili au kamba yake, weka goti ukingo wa upande wako, vuta ukijirudisha nyuma, itageuka. Kupanda sasa, usijaribu kupanda kama unaparamia ukuta, miguu ikining'inia chini utajivuta mpaka kesho. Iachie miguu ielee nyuma yako juu ya maji, piga mateke kwa nguvu na wakati huo huo jivute mbele mpaka kitovu kipite katikati ya kayaki. Ukishalala kwa tumbo pumzika kidogo, geuka ukalie makalio, halafu ndo uingize miguu. Tumbo, makalio, miguu, kwa mpangilio huo. Kama mwili ni mzito au mikono haina nguvu, funga kitanzi cha kamba pembeni kiwe kama ngazi ya kuwekea mguu, hakuna aibu.

Fanya hivyo mpaka uchoke, kisha ufanye ukiwa umechoka, maana hutapinduka ukiwa fresh. Utapinduka saa ya kurudi, jua limekupiga na mabega yamekwisha. Siku ambayo unaweza kupanda peke yako bila kushikiwa, kwenye maji yenye mawimbi madogo, hapo tuanze kuzungumza habari za kolekole.

Kupiga kafi kwenyewe hakuchukui muda kukujua. Kaa wima, usiegemee nyuma kama uko barazani. Kafi iingie majini karibu na vidole vya miguu itoke ukifika kwenye nyonga, na nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kifua, sio kukunja mikono, mikono ikifanya kazi peke yake inaisha mapema. Ukitaka kugeuka piga kafi kwa upana, kama upinde, kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Na jifunze kulaza kafi bapa juu ya maji na kuisukuma ukihisi unaelemea upande, hiyo ndiyo inayookoa watu kabla hawajaanguka.

Laifujaketi ni ya kuvaa. Naona vijana wanaiweka chini ya kiti au wanaifunga nyuma, sasa ukianguka ukapigwa kichwa na ukingo utaivaa saa ngapi? Ifunge ikubane, mwambie mtu akuvute mabegani, ikifika masikioni ni kubwa. Na kujua kuogelea sio sababu ya kutoivaa, wapo wavuvi waliozama na walikuwa wanaogelea vizuri tu.

Halafu mlango wenu wa Kilifi. Maji yanapotoka kwenye kriki ile yote lazima yapite mahali pamoja pembamba, na siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inakaribia mita 4. Nguvu kubwa ya mkondo iko katikati ya safari ya maji, yaani saa ya 3 na ya 4 baada ya kuanza kutoka. Wewe na kafi yako mwanzo unaenda kilomita 4 au 5 kwa saa, mkondo ukikuzidi hapo utapiga kafi huku unarudi nyuma. Na maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia, pale mlangoni panasimama mawimbi mafupi yenye hasira hata kama ndani ni shwari kabisa. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi hivi na kujaa kama saa 10 jioni, kwa hiyo ukiingia majini saa 1 asubuhi siku ya mwezi mpevu unakuta mkondo unatoka kwa nguvu zake zote, unakubeba vizuri unajiona bingwa. Muulize mjomba, yeye hii kalenda anayo kichwani na hatakuchaji.

SWALI: Kaka mambo vipi, nipo Mbezi Beach, Dar. Mwezi wa 7 tulitoka na jamaa yangu alfajiri na kayaki mbili, bahari imetulia, tukafika karibu na kisiwa cha Mbudya bila shida, tukatega mishipi. Saa 4 tunaanza kurudi upepo umeamka, mawimbi yana povu, tulifika tumekufa kabisa. Tulikosea wapi? Hali ya hewa kwenye simu ilionyesha poa.

JIBU: Poa kaka. Mwezi wa 7 ni kusi imekomaa, kaka! Alfajiri inakudanganya kwa sababu usiku nchi kavu imepoa na upepo mwepesi wa bara unaizuia zuia kusi, bahari inalala. Jua likipanda nchi inapata moto, upepo wa baharini unaungana na kusi yenyewe, na kufika saa 4 au 5 unakuwa na bahari nyingine. Hii sio bahati mbaya, ni ratiba. Mbudya kurudi Mbezi Beach unaelekea kusini magharibi na upepo unatoka kusini mashariki, kwa hiyo unapigwa ubavu njia nzima.

Mvuvi wa kayaki anaanza na upande upepo unakotoka. Unapambana nao asubuhi una nguvu, halafu upepo wenyewe unakurudisha nyumbani umechoka. Kama upepo na sehemu unayotaka kwenda havikubaliani basi siku hiyo badilisha sehemu, bahari haina haraka. Na kwenye simu msiangalie ile picha ya jua na wingu tu, tafuteni kasi ya upepo kwa saa. Kwa anayeanza, ikifika kilomita 18 kwa saa, yaani noti 10, kaa kriki au kaa nyumbani. Ukiona povu jeupe limetapakaa baharini upepo ushapita kiwango chako, hata kama simu inabisha.

Miezi mizuri ya kujifunza ni tangambili, pale kati ya kusi na kaskazi, karibu na Machi na tena Novemba, ingawa mvua nazo zina vurugu zake. Kaskazi nayo ya Desemba na Januari ina siku zake za kuchachamaa, msiidharau.

Upepo wa kuogopa kuliko wote ni ule unaotoka bara kwenda baharini, kwa sababu ukiwa ufukweni huuoni. Maji karibu na nchi yanakuwa laini, mawimbi yanaanza mbali huko, na kila ukisimama kufunga ndoana unasogea. Nje zaidi kuna mkondo mkubwa wa pwani yetu unaoelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unaongezeka nguvu. Ukishaingia kwenye huo bila injini, habari yako ni nyingine.

La pili, na hili naliandika kwa herufi za kawaida ili nisionekane nimekasirika: Mbudya ni hifadhi ya bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kwenda kuogelea unalipa kiingilio unakaribishwa, kuvua ndani ya mipaka yake hairuhusiwi. Kenya ni vile vile, kwenye hifadhi za taifa za bahari kama Watamu na Malindi huvui kabisa. Kabla ya kutega ulizeni BMU, yaani kamati ya wavuvi ya ufukwe, ya hapo mnapoanzia, hao ndo wanajua mpaka unaishia wapi na kibali gani kinatakiwa.

SWALI: Nahodha, mie ni mke wa mtu, tuko Mombasa. Mume wangu siku hizi kila Jumamosi na kayaki yake, ananambia "ntarudi mchana", basi. Simu haipatikani, mie nakaa roho mkononi mpaka alasiri. Sitaki kumkataza maana anapenda, lakini nikae vipi? Nikianza kuogopa nimpigie nani?

JIBU: Dada yangu, barua yako ndiyo ningependa kila mwenye kayaki aisome, na umeniuliza swali ambalo alitakiwa kuuliza yeye.

"Ntarudi mchana" sio taarifa. Kabla hajafunga mlango akuachie karatasi au meseji: anaanzia bichi gani, anaelekea wapi, yuko na nani, kayaki yake rangi gani, anatoka majini saa ngapi, na muhimu kuliko yote, ikifika saa ngapi hajakupigia wewe unaanza kuomba msaada. Hiyo saa mkubaliane wawili mkiwa mmetulia mezani. Akisema atarudi saa 6 basi labda saa 7 na nusu ndo mwisho, ikifika hiyo saa hujiulizi kama unamsumbua, hungoji adhana ya alasiri, unapiga. Na yeye akitoka majini jambo la kwanza kabla hajatoa hata samaki ni kukupigia. Akisahau mara mbili mfiche kafi.

Kumpigia nani? Kwanza diko analoanzia. Kwenye maji yetu anayefika haraka mara nyingi ni mvuvi mwenye boti ya faiba na mashine, kwa hiyo chukua namba ya mwenyekiti wa BMU ya pale na namba ya mwenye boti mmoja, umpelekee salamu mapema akujue. Huku hilo likiendelea piga 999 au 112 uwaambie ni mtu baharini. Mombasa pana kituo cha kuratibu uokoaji wa majini, na Kenya tangu 2018 ina walinzi wake wa pwani, hao wakipata habari mapema na mahali palipo wazi kazi inakuwa rahisi. Ile karatasi uliyoachiwa ndiyo utakayowasomea.

Simu yake nayo aiweke kwenye mfuko usioingia maji, ifungwe kwenye mwili wake, sio kwenye kayaki. Wanaume wengi wanaifunga kwenye kayaki kisha kayaki inaondoka na simu. Akuwashie ile ya kukuonyesha alipo moja kwa moja, ingawa nje ya mwamba mtandao unakatika, kwa hiyo usiitegemee pekee. Akiweza anunue redio ndogo ya VHF isiyoharibika kwa maji, chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada dunia nzima. Kipenga kifungwe kwenye laifujaketi. Na bendera ya rangi kali kwenye kijiti kirefu nyuma, kwa sababu mwenye boti ya mwendo kasi hamuoni mtu aliyekaa usawa wa maji, hasa akiwa anaelekea jua. Kama anatoka kabla hakujapambazuka, taa nyeupe inayoonekana pande zote.

SWALI: Tanga hapa, salama nahodha? Kupanda, kuanguka, kurudi, vyote nimeshafuzu. Nimefunga vishikio vinne vya fimbo, nanga, kisanduku cha barafu, na kioo cha kutafutia samaki. Kuna kingine cha kuongeza?

JIBU: Salama kabisa. Cha kuongeza ni kisu, halafu anza kupunguza.

Fimbo nne unazivulia na mikono mingapi? Kila fimbo ina kamba yake ya kuifunga isizame, kila kamba ni kitu cha kujinasa ukipinduka, na ndoana za mapembe matatu zikining'inia huku wewe uko majini chini yake, sitaki hata kuwaza. Beba mbili. Kisu kiwe kifuani unapokifikia kwa mkono wowote, kazi yake sio samaki, ni kukata kamba. Koleo ya kutolea ndoana nayo iwe karibu, na miwani na maji ya kunywa, lita 2 kwa asubuhi moja sio nyingi kwa jua letu.

Nanga ndiyo inayonitisha kwenye orodha yako. Usifunge nanga ubavuni hata siku moja. Mkondo ukivuta, ukingo wa upande ule unazama na kayaki inapinduka sekunde hiyo hiyo. Nanga inafungwa omo au tezi, kwenye kamba inayozunguka kwenye kapi ili uweze kuisogeza ukiwa umekaa, na mwisho wake uwe na boya ili ukitaka kuondoka haraka unaiachia yote unakuja kuiokota baadaye. Kwenye mkondo mkali usitie kabisa, bora uelee taratibu.

Samaki mkubwa akikamata, elekeza fimbo omo, mwache akuvute, kayaki inamchosha yenyewe. Akizunguka ubavuni tumbukiza miguu majini huku na huku, unakuwa imara zaidi. Kumpandisha kolekole wa kilo kadhaa mapajani ni furaha, ila mzia na nguru wana meno na wakiwa hai wanatafuta paja lako, wamalize kabla hawajaingia. Taa mwenye mwiba, papa na sulisuli usiwapandishe, kata mshipi, picha utapiga siku nyingine.

Na wakati wa kuingia bichi yenye mawimbi ya kuvunjika, fimbo zote zilazwe na kufungwa, hiyo ndiyo sehemu inayovunja vitu. Subiri nyuma ya mawimbi uyahesabu, yanakuja kwa makundi, ingia nyuma ya la mwisho. Likikubeba na kukuweka ubavu, lalia upande wa wimbi, sio upande wa nchi. Ukishaanguka usikae kati ya kayaki na ufukwe hata kama maji ni ya magotini, maana kayaki yenye mzigo inayosukumwa na wimbi inavunja mguu.

SWALI: Bro, mimi ni mtu wa Unguja lakini naishi Southampton, Uingereza. Jua limetoka Aprili hii, wenzangu wananiita tukavue na kayaki. Ni yale yale?

JIBU: Kafi ni ile ile, maji siyo. Unguja ukianguka unacheka. Hapo Aprili hewa inaweza kuwa nzuri ya kukaa na fulana na maji bado ni nyuzi 9 au 10. Ukiingia ghafla kifua kinakaza, unavuta pumzi bila kutaka, na ikiwa kichwa kiko chini unavuta maji. Hali hiyo inapungua ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo usihangaike kuogelea, lala chali uelee, acha laifujaketi ifanye kazi, ukipata pumzi ndo upande, na upande haraka kwa sababu vidole vinakufa ganzi. Vaa kwa ajili ya maji, sio kwa ajili ya jua, wetisuti nzito au draisuti. Ya kupigia simu huko ni 999 na unaomba Coastguard.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, anaogelea vizuri, naweza kumpakia mbele twende wote kuvua?

JIBU: Kwenye kayaki ya watu wawili, ndani ya kriki, na laifujaketi ya saizi yake iliyofungwa, ndio. Kwenye ya mtu mmoja hapana, uzito ukizidi ule ulioandikwa kwenye kayaki inakaa chini sana na maji yanapanda kwenye matundu. Na umpindue kwanza, ufukweni, kama mchezo, uone anafanya nini. Akilia mkavulie gatini.